Darasa Juu ya Agroveti

Popote ulipo asubuhi hii, iwe unamalizia kukama ng'ombe kule Githongo, iwe uko ndani ya matatu inayopanda kutoka daraja la Nithi kuelekea Nkubu, nakuomba dakika zako chache. Leo nataka tuzungumze kuhusu shule ambayo huenda umepita chini yake mara mia na hukujua kwamba ni shule.

Mjini Meru, si mbali na soko la Gakoromone, kuna duka la agroveti. Chini wanauza mbegu za mahindi, dawa ya kupe, chakula cha kuku, na vifaranga wa siku moja waliopangwa ndani ya maboksi yenye matundu. Ubavuni mwa duka kuna ngazi nyembamba ya saruji. Panda. Ghorofa ya kwanza utakuta fundi cherehani na wakala wa M-Pesa. Ya pili kuna kinyozi. Ya tatu kuna vyumba viwili vilivyotenganishwa kwa mbao nyepesi, viti vya plastiki, na ubao ambao ni ukuta wenyewe uliopakwa rangi nyeusi. Saa kumi na moja jioni, wakati watu wengine wanafunga kazi na kutafuta njia ya nyumbani, hapo ndipo kengele inapolia. Kengele yenyewe ni simu ya mwalimu.

Nilikaa nyuma ya darasa hilo jioni tatu. Watu walikuwa kumi na wanne, wakisoma hisabati ya kidato cha pili. Mbele kabisa alikuwa mwendesha bodaboda, jaketi lake la kung'aa bado mwilini, helmeti imelala miguuni pake kama paka. Nyuma yake ni mama wa miaka arobaini na mitatu anayepiga deki katika zahanati. Amepiga deki wodi kwa miaka kumi na mitano, na anachotaka ni kuingia wodi hizo akiwa muuguzi. Karibu na dirisha aliketi msichana ambaye mwanawe mdogo alilala sakafuni juu ya leso iliyokunjwa mara mbili. Kila mtoto alipogeuka, kalamu ya mama ilisimama, ikasubiri, kisha ikaendelea. Na kutoka chini, muda wote ule, sauti ya vifaranga ilipanda na ngazi.

Mwalimu ana miaka ishirini na mitano. Alipotaka yule mama wa zahanati ajibu, alimwambia, "Mama, tusaidie na hii." Mama akasimama wima, mikono nyuma, akasema, "Ndiyo, mwalimu." Nimehudhuria mahafali mengi makubwa yenye hema na brasi bendi, lakini sikumbuki kuona heshima ya namna hiyo ikienda pande zote mbili kwa wakati mmoja.

Hawa ndio watu ambao Baraza la Mitihani huwaita watahiniwa wa kibinafsi. Wengine walimaliza kidato cha nne wakapata D. Wengine waliacha katikati: karo iliisha, mimba ilikuja, baba alifariki, ng'ombe waliuzwa wakaisha. Wamerudi kuutafuta mtihani wa KCSE kwa mara ya pili, au kwa mara ya kwanza wakiwa watu wazima. Wanaotafuta chuo kikuu wanahitaji C+. Wanaotafuta diploma ya uuguzi pale chuo cha tiba cha KMTC wanahitaji C. Na shule hii ndogo, isiyo na uwanja, isiyo na basi, isiyo na hata bango linalosomeka vizuri kutoka barabarani, kazi yake ni moja tu: kumvusha mtu kutoka gredi aliyo nayo hadi gredi inayofungua lango la chuo. Shule kama hizi Meru zipo. Embu zipo. Ukishuka Embu mjini, upande wa Majengo, utazikuta juu ya maduka ya simu na nyuma ya hoteli za chai, na baadhi yake hufundisha asubuhi kwa sababu wanafunzi wake ni walinzi waliokesha kazini.

Ili uelewe kwa nini ngazi zile zina watu, turudi nyuma kidogo. Mwaka 2015 mitihani ilivuja kiasi kwamba ilikuwa ikisambazwa kwenye simu. Machi 2016 Fred Matiang'i, aliyekuwa waziri wa elimu, akaivunja bodi ya Baraza la Mitihani. Karatasi za mitihani zikaanza kufungiwa ndani ya makontena, na wakuu wa shule wakabebeshwa jukumu la kuzichukua na kuzirudisha wao wenyewe. Ilikuwa hatua ya lazima, nami niliishangilia hapa hapa kwenye maikrofoni hii. Lakini tazama kilichofuata. Mwaka 2017 zaidi ya vijana 600,000 walifanya KCSE. Waliopata C+ na zaidi walikuwa 70,073. Waliopata E walikuwa 35,536. Ukigawanya, aliyefikia kiwango cha chuo kikuu alikuwa takriban mmoja kati ya tisa. Sasa linganisha na mwaka 2024: watahiniwa 962,512, waliopata C+ na zaidi 246,391. Hiyo ni robo nzima.

Sisemi vijana wa 2024 walipewa gredi za bure. Nasema kwamba yule wa 2017 aliadhibiwa kwa udanganyifu ambao hakuufanya yeye. Shule yake ilizoea kutegemea karatasi iliyovuja badala ya kumfundisha, kisha karatasi ikafungwa, na yeye akaachwa pale mlangoni akiwa mikono mitupu. Sasa ana miaka ishirini na sita, ishirini na saba. Ana cheti chenye D ambacho hakionyeshi akili yake, kinaonyesha mwaka aliozaliwa. Huyo ndiye ninayemwona akipanda ngazi ya agroveti.

Na akirudi hakuti vitu alivyoviacha. Chukua fasihi ya Kiswahili. Aliyefanya mtihani 2019 alisoma Kigogo na Chozi la Heri, akavijua mpaka vidole vikaacha alama kwenye kurasa. Akirudi leo anakuta Bembea ya Maisha na Nguu za Jadi, na ni lazima aanze ukurasa wa kwanza. Pale darasani nakala ya Bembea ya Maisha ilikuwa moja kwa watu watatu, jalada limeshikwa kwa selotepu, na ukingoni mwa kila ukurasa kuna maandishi ya mikono mitatu tofauti.

Lakini kinachowaumiza zaidi ni maabara. Hapa naomba univumilie nikusimulie Jumamosi moja.

Shule ya juu ya agroveti haina maabara, na haiwezi kuwa nayo. Huwezi kuingiza gesi na asidi ghorofa ya tatu juu ya vifaranga na mifuko ya mbolea. Kwa hiyo wanaazima. Kuna shule ya kutwa ya serikali nje kidogo ya mji ambayo mwalimu mkuu wake huwafungulia maabara kwa saa tatu siku ya Jumamosi, wao wakilipia kemikali. Niliandamana nao. Miongoni mwao alikuwa kijana wa kutoka Igembe ambaye alianza kuchuma miraa akiwa na miaka kumi na mmoja. Kama unaijua kazi ile unajua ni kazi ya vidole: kuchagua vichipukizi, kuvipanga urefu mmoja, kufunga vifurushi vidogo viitwavyo surba, kuzikusanya ziwe bunda, kuviringisha kwa jani la mgomba lisipasuke. Vidole vyake vimekauka na kuwa vyeusi kwenye ncha, lakini ni vidole vyepesi.

Mwalimu akamwekea asidi kwenye bureti. Kijana akafyonza haidroksidi ya sodiamu kwa pipeti, mililita 25, akaimimina kwenye chupa, akaongeza matone mawili ya dawa ya kuonyesha rangi. Maji yakageuka waridi. Akashika kikoki cha bureti. Mara ya kwanza alikifungua sana, rangi ikapotea ghafla, ikawa imempita. Mwalimu akasema, "Mwaga, anza tena." Mara ya pili alikishika kwa kidole gumba na cha shahada, kama anavyoshika kichipukizi, akaachia tone, akatikisa, tone, akatikisa. Waridi likafifia katikati likarudi pembeni. Tone. Likafifia tena likarudi, safari hii kwa uvivu. Tone moja la mwisho, na chupa ikawa haina rangi, kama maji ya kisima. Akasoma: 24.3. Mara ya tatu: 24.2. Mwalimu akatikisa kichwa kwa furaha na kwenda meza nyingine.

Kijana akabaki ameishika ile chupa juu ya karatasi nyeupe, akaitazama. Akamwambia mwenzake kwa sauti ya chini, "Kumbe ni hii tu?"

Msikilizaji, maneno hayo manne yamekaa nami wiki kadhaa. Kijana huyu alisoma miaka minne katika shule ya upili. Alifundishwa kemia miaka yote minne. Bureti aliiona kwa mbali, mikononi mwa mwalimu, mbele ya wanafunzi zaidi ya hamsini, kwa sababu shule ilikuwa na bureti chache na mwalimu aliogopa zivunjwe. Mtihani wa vitendo ulipofika, hiyo ndiyo siku aliyoshika bureti kwa mara ya kwanza maishani mwake. Akapata D ya kemia. Na kwa miaka hii yote amejiambia kwamba kichwa chake ni kigumu.

Hilo ndilo ninalotaka kusema leo. Shule hizi ndogo zinarekebisha kosa ambalo halikufanywa na wanafunzi wake. Zinafanya kazi ambayo umma ulipaswa kuimaliza, zinaifanya jioni, kwa viti vya kuazima, na zinastahili kusaidiwa kabla hazijakemewa.

Nitaeleza jinsi zinavyojiendesha, kwa sababu wengi hudhani mwenye shule anatajirika. Wanafunzi hawalipi kwa muhula. Wanalipa kadiri shilingi inavyopatikana: mia mbili leo kwa M-Pesa, mia tatu Ijumaa, wiki mbili kimya, kisha elfu moja kwa mkupuo. Mwalimu mwenye shule hana namna ila kuandika kwenye daftari na kusubiri. Kalenda ya malipo inafuata shamba. Wenye majani ya chai husubiri bonasi, nayo huja Oktoba. Usajili wa KCSE hufanywa mapema mwaka, miezi mingi kabla ya bonasi. Pesa za kujisajili zinatakiwa Februari, pesa za chai ziko Oktoba, na katikati ya hapo ndipo ndoto nyingi zinapodondoka. Mwanafunzi aliye katika shule ya kawaida amelipiwa ada ya mtihani na serikali kwa miaka kadhaa sasa. Mtahiniwa wa kibinafsi analipa mwenyewe, kutoka mfukoni, na ndiye maskini zaidi kati ya hao wawili.

Halafu kuna mishtuko. Uingereza ilipopiga marufuku miraa Juni 2014, kule Igembe haikuwa habari ya kimataifa, ilikuwa habari ya karo. Somalia ilipofunga soko lake Machi 2020, ikaendelea kulifunga mpaka Julai 2022, watoto walitoka shuleni na wengine hawakurudi. Baadhi yao ndio hawa nawaona sasa wakiwa na ndevu. Mei 2024 kaunti za pwani, Mombasa ikiongoza, zilipoamua kuzuia muguka, pigo lilitua Mbeere, kaunti ya Embu, inakolimwa. Mwalimu mmoja wa Embu aliniambia kwamba siku zile aliingia darasani akakuta viti vitupu upande mzima wa dirisha. Hakuwauliza maswali waliporudi. Alifuta madeni ya wiki zile kwenye daftari na akaendelea na mada aliyokuwa ameifikia.

Sitaki kuingia katika mjadala wa miraa na muguka kama ni nzuri au mbaya kwa afya. Siku nyingine tutauzungumza, na nina mengi ya kusema. Leo nasema tu kwamba kila uamuzi unaofanywa kuhusu majani yale, uwe umefanywa London, Mogadishu au Mombasa, hufika hadi kwenye kiti cha plastiki juu ya agroveti.

Wapo watakaoniuliza: kwa nini mtu mzima asome katika chumba cha kupanga, shule za serikali zikiwepo? Jaribu wewe. Vaa sare na soksi ndefu ukiwa na miaka ishirini na saba, na mtoto nyumbani, usimame gwarideni saa moja asubuhi. Sera ya kuwarejesha shuleni wasichana waliojifungua ipo, na miongozo yake mipya ilitolewa 2020, na inasaidia yule wa miaka kumi na saba. Huyu wa ishirini na saba ana kibanda cha mboga cha kufungua. Shule inayomfaa ni ile inayofunguka yeye anapofunga.

Na eneo hili letu halikuanza leo kujijengea shule nje ya mfumo mkubwa. Wamishonari ndio walioleta ubao na chaki: Waanglikana wa CMS pale Kigari, Embu, 1910, Wamethodisti pale Kaaga, Waskoti pale Chogoria, alikofika daktari Clive Irvine 1922. Ugomvi wa tohara ya wasichana ulipozuka mwaka 1929, familia nyingi zikaondoa watoto wao katika shule za misheni, na miaka ya 1930 vikaundwa vyama vya shule huru. Kimojawapo, KISA, kilikuwa na shule hadi Embu. Watu walichanga, wakakata miti, wakakandika udongo, wakamtafuta mwalimu aliyefika darasa la sita wakamwambia fundisha. Mwaka 1939 kikafunguliwa chuo cha walimu kule Githunguri chini ya Mbiyu Koinange ili shule zile zipate walimu wake. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, serikali ya kikoloni ikazifunga. Baada ya uhuru zikaja shule za harambee, na ukiwauliza wazee waliosoma humo, watakuambia kitu kilichokosekana siku zote: vyumba vilikuwepo, maabara haikuwepo. Tone la asidi limekuwa mbali na mtoto wa maskini kwa muda mrefu sana.

Hata mwanasiasa Tom Mboya aliacha masomo Mang'u kwa kukosa karo. Alijiendeleza kwa masomo ya barua kutoka chuo kimoja cha Afrika Kusini, akijisomea usiku baada ya kazi, na mwaka 1955 akaenda kusoma Ruskin College, Oxford. Bahasha zile ndizo zilizokuwa ngazi yake ya agroveti.

Sasa, mimi nazipenda shule hizi, na kwa sababu nazipenda ni lazima niseme ubaya wake. Mwaka 2019 binamu yangu, msichana aliyekuwa akiuza nguo za mitumba, alilipa pesa zake zote katika chuo kimoja cha aina hii. Sitakitaja, wala mji sitautaja. Alisoma mwaka mzima. Alijua hesabu za matriki, mimi mwenyewe nilimjaribu. Wiki mbili kabla ya mtihani akaenda kuuliza namba yake. Hakuwa na namba. Hakuwahi kusajiliwa. Ada yake ya mtihani ilikuwa imetumika kulipa kodi ya jengo, na mwenye chuo akazima simu. Nilimkuta binamu yangu ameketi kitandani na kalamu mpya tano, bado zimefungwa kwa mpira. Hakulia. Alikuwa anazifungua moja moja na kujaribu kama zinaandika.

Kwa hiyo, wewe unayepanga kupanda ngazi kama ile, shika haya kwa makini. Usilipe ada ya mtihani bila risiti iliyotengwa na karo. Uliza ni shule gani iliyosajiliwa kuwa kituo cha mtihani utakapofanyia, uende mwenyewe, umuulize mwalimu mkuu wa pale kama anaijua shule yako. Usajili ukishafanyika, dai kuona orodha ya watahiniwa yenye jina lako, usome kila herufi. Jina lilingane na la cheti chako cha kuzaliwa. Masomo yasipungue saba na yawe yale unayoyasoma. Utaambiwa unasumbua. Sumbua tu. Na kumbuka kwamba tangu 2023 hesabu ya gredi imebadilika: hisabati na lugha moja ni lazima zihesabiwe, kisha masomo mengine matano uliyofanya vyema zaidi. Kwa aliyekuwa akivutwa chini na somo moja, mabadiliko hayo ni pumzi. Lakini hisabati huwezi kuikwepa, na mwenye shule akikuambia utaikwepa, shuka ngazi.

Nikirudi kwenye mazuri: tazama milango ilivyokaribia. Nilipomaliza shule, mtoto wa Meru au Embu aliyetaka chuo kikuu alipanda basi kwenda Nairobi, Njoro au Eldoret. Kisha Wamethodisti wakaanzisha chuo kikuu chao, KeMU, pale Kaaga 1997, kikapata hati yake 2006. Chuka na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, pale Nchiru, vikapata hati 2013. Chuo Kikuu cha Embu, kilichoanzia katika kilichokuwa chuo cha mafunzo ya kilimo, kikapata yake 2016. Kutoka ngazi ya agroveti hadi lango la KeMU unaweza kwenda kwa bodaboda ukafika kabla wimbo mmoja wa redio haujaisha. Yule mwendesha boda wa kiti cha mbele hupeleka wanafunzi pale kila asubuhi. Anazijua nyakati za mihadhara yao kuliko wao. Anachokosa ni alama moja ya kujumlisha mbele ya C.

Na hapa ndipo saa inapokimbia. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985 unafikia mwisho. KCPE ya mwisho ilifanywa 2023. Januari 2026 vijana wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia gredi ya kumi. Darasa la mwisho la kidato cha nne litafanya KCSE 2027. Kwa mtoto aliye shuleni, yote hayo yamepangwa. Lakini yule mama wa zahanati anasoma mada mbili kwa wiki, kwa sababu ana zamu. Kijana wa Igembe husoma miezi ambayo miraa ina bei mbaya, na bei ikipanda hurudi shambani. Watu hawa hawasongi kwa kasi ya kalenda. Wanachohitaji ni ratiba iliyochapishwa, yenye tarehe na masomo, inayoonyesha mtu mzima aliyebaki katikati ya mfumo wa zamani atafanya mtihani gani, lini, na vitabu vipi, ili akijinyima chakula kununua kitabu awe na hakika ndicho. Baraza la Mitihani na Wizara wanaweza kuipeleka karatasi hiyo hadi kwa kila chifu. Wameshapeleka karatasi ngumu kuliko hiyo.

Kwa serikali za kaunti za Meru na Embu, najua elimu ya sekondari si kazi yenu kisheria. Lakini mnagawa basari kila mwaka, na fomu zenu zinaandika "shule" na "kidato" na "sahihi ya mwalimu mkuu". Mtu wa miaka arobaini na mitatu hana pa kujaza. Ongezeni mstari mmoja.

Na kwenu walimu wakuu wa shule za upili, kuanzia Kiritiri hadi Maua, nimewaacha wa mwisho kwa sababu ninyi ndio mlio karibu. Maabara zenu hukaa zimefungwa Jumamosi. Najua hofu zenu: vifaa kuvunjika, kemikali kuisha, mkaguzi kuuliza. Yule mwenzenu wa nje ya mji wa Meru alikuwa na hofu hizo hizo. Alichofanya ni kufungua daftari, kila kinachotumika kinaandikwa na kulipiwa, na mtaalamu wa maabara hulipwa posho yake na hao wanafunzi. Nilimuuliza ni vingapi vimevunjika tangu aanze. Akafungua kabati akanionyesha pipeti moja iliyokatika ncha. Aliyeivunja alileta nyingine Jumatatu iliyofuata, ameifunga ndani ya jani la mgomba isipate ufa njiani.